Mashine za Kahawa za Kapsuli: Faida Zake, Hasara Zake na Anayefaa Kuzinunua

Mwaka jana mpwa wangu alirudi likizo kutoka Dubai na zawadi ya nyanya yake: mashine ya kahawa, ile ya kutia kikopo kimoja, ukabonyeza kitufe, kahawa ikatoka. Mamangu ana miaka 76 na anaishi peke yake Mji wa Kale, hapa Mombasa. Miezi mitatu kabla ya hapo alijimwagia maji ya moto akiepua birika, kwa sababu mikono yake siku hizi inatetemeka. Kijana hakuinunua kwa fahari, aliinunua kwa hofu.

Tangu hapo majirani na jamaa hawaishi kuniuliza: je, inafaa? Ni ghali? Nami niagize? Nimekaa nayo karibu mwaka mzima, nikiijaza maji, nikiisafisha na kuilipia kapsuli. Haya ndiyo niliyoyajua.

Ni mashine ya aina gani

Kapsuli ni kikopo kidogo cha alumini au plastiki, kilichojazwa kahawa iliyosagwa na kufungwa kisipite hewa. Mashine hukitoboa, ikasukuma maji ya moto ndani yake, na kahawa ikashukia kikombeni. Kikombe kimoja huchukua kama dakika moja.

Fikra hii ina umri kuliko wengi wanavyodhani. Eric Favre, mhandisi wa kampuni ya Nestlé huko Uswisi, alibuni mfumo wake katika miaka ya 1970, na Nespresso ikaanza biashara mwaka 1986. Marekani, John Sylvan na Peter Dragone walianzisha Keurig, wakauza mashine zao za kwanza kwa maofisi mwaka 1998, kisha majumbani mwaka 2004.

Mifumo hii haifanani. Nespresso ya kawaida husukuma maji kwa nguvu kubwa kupitia gramu 5 hivi za kahawa na kutoa kikombe kidogo kizito. Keurig hutumia kama gramu 10, bila nguvu kubwa, na kutoa kikombe kikubwa chepesi. Kapsuli ya mmoja haiingii kwa mwingine.

Faida zake

*Usalama wa wazee.* Hii kwetu ndiyo faida kubwa. Mama habebi tena birika la moto wala hawashi gesi alfajiri peke yake. Kikombe kiko chini ya mdomo wa mashine, yeye anabonyeza tu. Hata hivyo, usalama huo si kamili. Mwaka 2014 Keurig iliita zirudishwe mashine karibu milioni 7 za aina moja huko Marekani na Kanada, kwa kuwa maji ya moto yaliweza kuruka na kumchoma mtu. Kwa hiyo nilimfunza mama jambo moja: mashine ikiwa kazini, kifuniko hakiguswi.

*Kahawa haipotezi ladha.* Sisi wa pwani twaujua unyevunyevu wa bahari. Fungua pakiti ya kahawa leo, wiki ya pili harufu imekwenda. Kapsuli ya alumini haiingizi hewa wala maji, na ya mwisho kwenye boksi ina ladha ile ile ya kwanza.

*Hakuna kinachomwagwa.* Mtu mmoja hupika kikombe kimoja, kwa maji ya kikombe kimoja. Stima inayotumika ni kidogo, kwa sababu mashine huwaka kwa muda mfupi na zilizo nyingi hujizima zenyewe.

*Zipo zisizo na kafeini.* Mama ana presha na daktari alimshauri apunguze kahawa. Sasa ya jioni ni ile iliyoondolewa kafeini. Kwa muuza kahawa wa mtaani huwezi kuagiza hiyo.

Hasara zake

*Bei.* Nikupigie hesabu yangu mwenyewe. Boksi la kapsuli 10 nanunua shilingi 950, yaani shilingi 95 kwa kikombe. Kahawa ya unga naipata robo kilo kwa shilingi 450. Ukitumia gramu 5 kwa kikombe, ni shilingi 9. Kahawa ile ile ndani ya kapsuli inanitoka zaidi ya mara kumi. Kwa kilo moja, ni kama shilingi 19,000 dhidi ya 1,800.

Mama akinywa vikombe viwili kwa siku, mwezi unakatika kwa shilingi 5,700. Mashine ilikuwa zawadi, lakini kapsuli si zawadi. Hilo mpwa wangu hakulifikiria, wala mimi sikulifikiria hadi mwezi wa pili. Huyo Sylvan aliyeanzisha Keurig mwenyewe alimwambia mwandishi wa gazeti la The Atlantic mwaka 2015 kwamba nyumbani kwake hana mashine hiyo, akitaja gharama, na kwamba wakati mwingine hujuta kuibuni.

*Haiwezi wageni.* Siku ya hitima ya marehemu baba walikuja wageni kumi na wawili. Nikajaribu kuwapa kahawa ya mashine. Wa kwanza alikuwa amemaliza chake na wa sita bado anangoja, huku tangi la maji likiisha katikati. Nilitumia kapsuli za shilingi 1,140, na nikaishia kumtuma mtoto akamwite mzee wa kahawa. Alikuja na dele lake na vikombe vyake, akamaliza kazi kwa dakika chache. Kikombe chake ni shilingi 10.

*Si kahawa chungu yetu.* Mashine haijui tangawizi wala iliki. Usitie maji ya tangawizi kwenye tangi, yataziba mirija. Nilinunua kapsuli ya chuma ya kujaza mwenyewe, nikachanganya kahawa na iliki ya unga. Unga ukiwa laini sana maji hayapiti, na ukiwa wa chenga kahawa hutoka maji matupu. Baada ya majaribio mengi nilipata kitu cha kunyweka. Mama alionja, akasema, "Ni nzuri, mwanangu, lakini haina harufu ya nyumbani."

*Maji yetu.* Nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Ule ukoko mweupe tuuonao ndani ya birika hujijenga pia ndani ya mashine, mahali usipopaona. Mwezi wa tatu yetu ilianza kutoa matone. Fundi akaniambia si mbovu, imeziba tu. Sasa natumia maji ya mtungi, na kila baada ya miezi miwili naisafisha kwa dawa yake ya kuondoa ukoko. Kuhusu siki, soma kijitabu cha mashine yako, kwani kampuni nyingine huiruhusu na nyingine huikataza.

*Stima.* Umeme ukipotea, kahawa hakuna. Na jihadhari na zawadi kutoka Marekani. Huko stima ni volti 120, hapa ni 240. Jirani yetu alitumiwa mashine na mwanawe aliyeko kule, akabadilisha plagi tu, akaichomeka. Iliungua siku ile ile. Za kutoka Imarati au Oman hazina shida hiyo, hata plagi zake ni za pembe tatu kama zetu.

*Takataka.* Kila kikombe huacha kikopo. Alumini huweza kuyeyushwa ikatumika tena, lakini ni lazima itenganishwe na machicha ya kahawa. Nilipeleka mfuko kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mtaani, akaukataa: vidogo, vimelowa, vinanuka. Ya plastiki haina hata mnunuzi wa kukukatalia. Mji wa Hamburg, Ujerumani, mwaka 2016 ulizuia fedha za umma kununulia kapsuli za kahawa. Kenya tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini marufuku ile ilihusu mifuko. Kikopo kinachotupwa ovyo Mji wa Kale, mvua ikinyesha, safari yake ni mtaroni kisha baharini.

Mimi sasa navikata kwa kisu, machicha namwaga kwenye miche ya mama, nasuuza vikopo na kuviweka kwenye ndoo. Vikifika kilo kadhaa, vikiwa vikavu, mnunuzi anavichukua. Ni kazi, na wachache wataifanya.

Kabla hujanunua

Jiulize haya:

1. Nyumbani wanywaji kahawa ni wangapi? Mmoja au wawili, endelea kufikiri. Zaidi ya hapo, nunua dele zuri.
2. Kapsuli zake zinapatikana Mombasa, Malindi au Lamu, au utamtegemea msafiri? Ulizia dukani kwanza, mashine baadaye.
3. Nani atalipia kapsuli kila mwezi? Zidisha vikombe vya siku kwa 30, kisha kwa bei ya kapsuli moja.
4. Volti ni ngapi? Tazama kibandiko chini ya mashine. Kiandike 220–240.
5. Maji utapata wapi, na vikopo vitakwenda wapi?

Kwa ndugu zetu wanaotaka kuwatumia wazazi mashine hizi kutoka ng'ambo, nina ombi moja: ikiwa mnatuma mashine, tumeni pia cha kununulia kapsuli. Vinginevyo mnampa mzazi mzigo ambao ataona haya kuusema.

Tulivyoamua sisi

Mashine haikurudishwa. Mama anakunywa kikombe kimoja alfajiri, baada ya swala, kabla mtu yeyote hajafika kumsaidia. Hicho ndicho kikombe kilichomuunguza, na kwa hicho shilingi 2,850 kwa mwezi mimi na mpwa wangu tumekubali kugawana. Kile kisicho na kafeini amebakisha kwa siku ambazo presha imepanda.

Jioni nyingine zote anakaa kizingitini na kashata yake, akimngojea mzee wa kahawa. Kile kikombe cha shilingi 10 huja na mtu wa kumjulia hali, na siku asipotoka kizingitini, yule mzee ndiye wa kwanza kunipigia simu.