Mpemba wa Mweka na Historia ya Fizikia ya Chembe Nyingi

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, juu ya Moshi, makala yake na Denis Osborne ilipochapishwa mwaka 1969. Swali lilianzia Shule ya Sekondari Magamba mwaka 1963: maziwa ya askrimu aliyoyatia kwenye jokofu yangali moto yalitangulia kuganda. Darasani lilidhihakiwa.

Kwa upande wa maji, ubishi haujaisha. Burridge na Linden (2016) hawakuliona tokeo hilo. Hata hivyo Kumar na Bechhoefer (2020) walilionyesha kwa chembe ndogo ndani ya maji, wakirudia jaribio mara nyingi. Umati wa chembe usio katika mizani hauelezwi na halijoto pekee. Namna chembe zilivyogawana nishati huamua kasi ya kupoa.