Hesabu Magamba: Kuwatambua Nyoka wa Mistari wa Manitoba

Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei, maelfu kwa maelfu ya nyoka wa mistari hutoka kwenye nyufa za mawe ya chokaa hapa Narcisse, Manitoba, nchini Kanada, walimojificha wakati wa baridi kali. Karibu wote ni wa ubavu mwekundu, Thamnophis sirtalis. Lakini jimbo hili lina aina ya pili, nyoka wa mistari wa nyanda, Thamnophis radix, na ni rahisi mno kuwachanganya.

Rangi hudanganya. Mstari wa mgongoni huweza kuwa wa njano au wa chungwa, na nyoka anayekaribia kujivua ngozi hufifia mwili mzima. Tazama ubavuni. Anzia pale magamba mapana ya tumbo yanapoishia, kisha hesabu safu za magamba madogo kwenda juu. Mstari wa pembeni ukipita kwenye safu ya 2 na ya 3, huyo ni sirtalis. Ukipita kwenye safu ya 3 na ya 4, ni radix. Hii ndiyo alama ya kutegemea kuliko zote.

Radix pia ana vijistari vyeusi vilivyosimama wima kwenye mdomo wa juu, magamba yanapokutana. Wekundu wa sirtalis umo kati ya magamba ya ubavu, na huonekana vizuri zaidi anapoutanua mwili kwa hofu.

Tafadhali usimshike nyoka: akishtuka hutoa uvundo mkali. Piga picha ya ubavu kwa karibu, kisha hesabu safu kwenye picha.