Malemo Cana wa Malindi na mashine za majibu

WENYE hoteli na waongoza watalii wa Malindi na Watamu zamani walitaka tovuti zao zitokee juu kabisa kwenye Google. Sasa lililo muhimu ni kutajwa na akili unde. Mtalii aliye Milano hana haja ya kufungua kurasa kumi. Anauliza swali, anajibiwa kwa aya mbili, na chini ya jibu pana viungo viwili vitatu basi. Usipokuwa miongoni mwa hivyo, ni kama hupo.

Mimi si mtu wa kompyuta. Kazi yangu ni maneno na historia. Lakini suala la nani ananukuliwa na nani anasahaulika ni la zamani sana katika pwani hii. Mfano bora ni yule rubani aliyemvusha Vasco da Gama.

Mnamo Aprili 1498, baada ya kukutana na uhasama Mombasa, da Gama alitia nanga Malindi. Mfalme wa Malindi akampa rubani, na haukuisha mwezi kabla Wareno hawajafika karibu na Calicut, India. Rubani huyo alikuwa nani? Shajara ya safari, iliyoandikwa na mmoja wa wasafiri wenyewe, haimpi jina. Inasema tu kwamba alikuwa Mkristo, na hata hilo tulipokee kwa tahadhari kwa sababu Wareno wale waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1552, João de Barros akachapisha historia yake na kumwita Malemo Cana, Mwislamu wa Gujarat.

Hapo mwanalugha anategea sikio. Malemo ni mu'allim, neno lile lile lililotupa mwalimu na maalim. Kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, mu'allim ndiye aliyejua nyota, pepo na njia. Cana, ambalo Wareno wengine waliliandika Canaqua, wataalamu wanalihusisha na neno la Kihindi lenye asili ya Kisanskriti, maana yake mpiga hesabu au mnajimu. Yaani cheo juu ya cheo! Ni sawa na mgeni aandike kwamba alitibiwa Kilifi na bwana mmoja aitwaye Daktari Tabibu.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1922 Mfaransa Gabriel Ferrand alikiunganisha kisa hiki na maandishi ya Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, mwandishi wa karne ya 16, aliyedai kwamba Wareno walionyeshwa njia na Ahmad ibn Majid, eti akiwa amelewa. Ibn Majid alikuwa baharia mashuhuri wa Julfar, katika Ghuba, na mwandishi wa vitabu vya ubaharia. Gujarat hakikuwa kwao. G. R. Tibbetts, aliyetafsiri kazi yake kuu kwa Kiingereza mwaka 1971, alilitilia shaka dai hilo, na wanahistoria wengi leo hawalikubali. Hata hivyo jina limeganda. Rubani wa Gujarat asiye na jina hanukuliki vizuri. Ibn Majid ananukulika.

Mashine nazo ndivyo zilivyo. Haziisomi tovuti yako kama mwalimu asomavyo insha. Zinatafuta, zinachota vipande, kisha zinavishona kuwa jibu. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Princeton na IIT Delhi, walijaribu mbinu kadhaa wakaona kwamba kuongeza takwimu, nukuu na vyanzo kunaweza kuyapa maandishi nafasi kubwa zaidi katika majibu, hadi asilimia 40. Kurudiarudia maneno ya kutafutwa, ile hila ya zamani, hakukusaidia kitu.

Angalia walichopima: kuonekana. Ukweli ni habari nyingine. Kipande chenye jina, mwaka na sentensi inayojitosheleza huchotwa upesi, kiwe cha Barros au cha Ferrand.

Ndiyo maana huwa nakereka nikisoma "shujaa wetu wa kale asiyesahaulika". Hiyo ni sifa. Haijibu swali la mtu. Andika kwamba Mekatilili wa Menza, aliyepewa jina la Mnyazi alipozaliwa, aliwahamasisha Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913. Kuhusu magofu ya Gedi, yaliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, weka tahajia zote mbili, Gedi na Gede, maana waulizaji hutumia zote. Tena usiyafungie maelezo hayo ndani ya picha ya bango. Mashine nyingi zitaipita tu.

Na pale tusipojua, tuseme hivyo kwa sentensi iliyonyooka kama ya Ferrand. Mimi ningeiweka hii mwanzoni kabisa mwa ukurasa wowote wa Malindi: "Rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 hajulikani kwa jina, Malemo Cana ni cheo, na dai kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid lilienezwa na Gabriel Ferrand mwaka 1922." Kwa Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza, na kwa ajili ya wale wageni wa Watamu, Kiitaliano pia.