Anga ni ya nani? Kutoka kambi ya Lanet hadi dishi la Longonot

Mei 11, 2018 Kenya ilipata setilaiti yake ya kwanza. Ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, jina lake 1KUNS-PF, kilichoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa shirika la anga la Japan na kuachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Habari hiyo ilipokelewa kwa fahari. Huku Nakuru hatukuwa na macho ya kutazama juu. Usiku wa Mei 9, bwawa la Patel lilikuwa limevunja kingo zake kule Solai, maji yakateremka na kuzoa nyumba za watu waliokuwa wakijiandaa kulala. Walikufa watu 48. Setilaiti ilipoanza kuzunguka dunia, waokoaji walikuwa bado wanafukua tope.

Nimeanza na wiki hiyo kwa sababu kila ninaposikia mjadala wa majeshi ya anga za juu, Solai ndiyo hunijia kwanza. Anga inalindwa kwa ajili ya nani?

Sisi wa Bonde la Ufa si wageni wa mambo haya. Anayeshuka Mai Mahiu kuelekea Naivasha anaujua Mlima Longonot, na wengi wanayajua madishi meupe ya kituo cha setilaiti yaliyo upande huo. Kituo kilianza kazi 1970, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Kabla yake, simu ya Ulaya ilipitia redio ya masafa mafupi, sauti ikija na kupotea. Dishi la Longonot, lenye upana wa takriban mita 30, liliielekea setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, na sauti zikasikika safi. Mwaka huohuo, Desemba 12, Wamarekani na Waitaliano walirusha setilaiti ya kuchunguza nyota kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, wakaiita Uhuru kwa heshima ya siku yetu ya taifa.

Anga ya 1970, kwa hiyo, ilikuwa ya simu na sayansi. Longonot ilikuwa mikononi mwa kampuni ya mawasiliano. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa 2009, kazi ya madishi ilipungua, na baadaye ukaja mpango wa kuligeuza dishi moja kuwa darubini ya redio ya kusikiliza nyota.

Machi 2017 Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilianzishwa kwa tangazo la kisheria na kuwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Aliyeliongoza wakati setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliporushwa, Hillary Kipkosgey, alikuwa afisa wa jeshi. Sisemi kwamba wamefanya kazi mbaya. Nasema kwamba sikumbuki baraza hata moja huku kwetu ambako mwananchi aliulizwa kama anga yake iende kwa wenye sare.

Linganisha na Marekani. Mwaka 2017 waziri wao wa ulinzi, James Mattis, aliliandikia Bunge kupinga wazo la jeshi jipya la anga za juu. Juni 2018 Rais Donald Trump aliliagiza, na Desemba 20, 2019 likawa sheria. Watu walicheka waziwazi, hasa Januari 2020 ilipoonyeshwa sare yenye mabaka ya msituni: walitaka kujua miti ya kujifichia iko wapi huko juu. Wengine waliuliza gharama. Lakini waliuliza, wakabishana, wakapiga kura.

Nakuru ina sababu yake ya kuuliza. Januari 24, 1964, wiki 6 tu baada ya uhuru, wanajeshi wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet, hapa kwetu Nakuru, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda. Majeshi ya Uingereza ndiyo yaliyowazima, na kikosi kikavunjwa. Juni 1 mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wanahewa, fahari ya nchi changa. Miaka 18 baadaye, Agosti 1, 1982, wanajeshi wake walijaribu kupindua serikali. Jeshi hilo likavunjwa, na hata jina lake halikurudi hadi 1994. Tunajua hapa kwamba jeshi jipya huzaliwa kwa gwaride, na likiharibika anayelipa ni raia.

Katiba ya 2010 inalijua hilo. Kifungu cha 241 kinayataja majeshi 3: la nchi kavu, la wanahewa na la wanamaji. La 4 halimo, na kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe. Anayetaka kikosi cha anga za juu Kenya itabidi aje kutuomba.

Na watu wana la kusema. Taifa-1 iliporushwa kutoka California Aprili 15, 2023, tuliambiwa itasaidia kilimo na kufuatilia ukame. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, kutoka angani. Maafisa wa KSA walikuja kuichukua. Huo nao ni ulinzi, na mwanakijiji anauelewa upesi kuliko maneno ya vita vya nyota.

Aprili 29, 2024 mafuriko yalishuka usiku Mai Mahiu, upande uleule wa Longonot, yakaua zaidi ya watu 40. Mvua kubwa na maji yaliyozuiwa yakakusanyika ni mambo ambayo jicho la angani linaweza kuyaona. Wakuu wa Wizara ya Ulinzi na KSA, njooni mfanye baraza Mai Mahiu na Solai. Mtuambie setilaiti ijayo itatazama nini, na onyo lake litamfikiaje mama aliyelala chini ya bwawa.