Kisukari na kongosho

Mtu wa Namasakata, mkoani Ruvuma, akirudi hospitali na kusema "nimekutwa na sukari", majirani humwelewa papo hapo na ushauri huanza: chai ya rangi bila sukari, soda aache, asali asiiguse. Ugali, unaoliwa mchana na usiku, hautajwi. Chanzo ni jina lenyewe. Kisukari hutufanya tuikodolee macho sukari, na kiungo chenye hitilafu, yaani kongosho, tunakisahau.

Hata hivyo jina halikutungwa ovyo. Wataalamu huuita ugonjwa huu kwa maneno mawili, la Kigiriki linalotaja maji kupita tu mwilini, na la Kilatini linalotaja utamu wa asali. Kiswahili kimechukua utamu peke yake. Glukosi ikizidi kiasi cha milimoli 10 hivi kwa lita ya damu, figo hushindwa kuizuia yote. Hutoka na mkojo, nayo huvuta maji. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa mno, hushikwa na kiu, hukonda, na sisimizi hukusanyika alipokojoa.

Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake sentimita 15 hivi. Sehemu yake kubwa hutengeneza majimaji ya kusaga chakula. Katikati yake kuna vifungu vidogo vya seli, visiwa vya Langerhans, vilivyopewa jina la Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869. Huko hutoka insulini na glukagoni. Ukila ugali, wanga wake huwa glukosi. Insulini huifanya misuli iipokee na ini liihifadhi. Usiku, tumbo likiwa tupu, glukagoni huliamuru ini liitoe akiba. Kwa kazi hiyo ya zamu, damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, hubaki na gramu 5 tu za glukosi, kama kijiko kimoja cha chai. Mimi jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziua seli zinazotengeneza insulini, mara nyingi utotoni, na kupewa insulini hakuna mbadala. Hakuna peremende iliyomponza mtoto huyo. Katika aina ya pili insulini ipo, ila mwili umeacha kuisikia. Kongosho huzidisha kazi mpaka inaelemewa. Kurithi, unene wa tumbo, umri na kukaa bila kushughulika huchangia. Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta wagonjwa chini ya asilimia 1. Ule wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9 hivi. Umri na vipimo havikulingana, lakini pengo hilo linatisha.

Sitaki neno kisukari libadilishwe. Nataka muuguzi akilitamka, aitaje na kongosho, kwa sababu kuna saa jina peke yake huua. Mgonjwa aliyechoma insulini kisha akachelewa kula hutetemeka, hutoka jasho, huongea ovyo: sukari imeshuka. Nyumbani watamnyima sukari kwa kuwa ni "mgonjwa wa sukari", kumbe anahitaji vijiko vitatu vya chai vya sukari vikorogwe kwenye maji, anywe mara moja. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe kitu; akimbizwe hospitali.