Kipanya kilikatwa mkia, tukaachiwa betri

Wiki iliyopita nilikuwa nimebakiza aya mbili tu nimalize habari. Saa nne na nusu usiku, mhariri kashapiga simu mara mbili, na ile ya pili hakusalimia. Nikasogeza kipanya niende juu ya ukurasa kurekebisha jina la mtu, mshale ukabaki pale pale. Nikakitikisa. Nikakigonga mezani. Nikakigeuza tumbo juu, nikafungua kifuniko, nikatoa betri, nikazisugua kwenye suruali, nikazirudisha huku nimezibadilisha nafasi, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kikafufuka! Dakika tatu hivi, kikafa tena.

Duka la jirani lilishafungwa. Nikamalizia kwa kile kibao cha kugusa cha kompyuta, vidole vinateleza kwa jasho, na lile jina nikaliacha na kosa lake. Herufi moja tu. Lakini mwenye jina alipiga simu asubuhi, na kesho yake tukachapa samahani. Sasa niambieni, kosa hilo niliandike la nani? Langu, la mhariri, au la betri?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za vipanya (mausi, kama wengine mnavyopenda kusema, na simzungumzii yule wa katuni). Nilitaka kujua ilikuwaje kifaa kilichokaa miaka na waya wake bila kumsumbua mtu kikageuka kitu cha kulishwa kama kuku.

Tuanze na mkia wenyewe, maana jina lote limetokana nao. Mwaka 1964, katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, Douglas Engelbart alikuwa anatafuta njia rahisi ya mtu kuonesha kitu kwenye kioo cha kompyuta. Mhandisi mwenzake, Bill English, akamtengenezea kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Waya ulitokea nyuma, upande wa kiganja, kama mkia hasa, na jina la panya likajibandika lenyewe. Baadaye waya ukahamishiwa mbele ili usimkere mtumiaji mkononi, kwa hiyo tangu hapo panya wetu ana mkia puani. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionesha hadharani San Francisco, na hati ya umiliki wa uvumbuzi ikatoka 1970.

Waya ule ulikuwa na kazi mbili, na hapa ndipo kisa chote kilipo. Kazi ya kwanza, kupeleka ujumbe: mkono umeenda kushoto, kitufe kimebonyezwa. Kazi ya pili, kuleta chakula, yaani umeme kutoka kwenye kompyuta. Waliokuja kuukata waya walikuwa na jibu zuri sana la ile kazi ya kwanza. Ya pili walimwachia mwenye kipanya.

Mwaka 1984 Logitech walitoa kipanya kisicho na waya, kilichotumia miali ya infraredi kama rimoti ya televisheni. Tabu yake ilikuwa ile ile ya rimoti: kikombe cha chai kikikaa katikati, mawasiliano yamekatika. Mwaka 1991 wakaja na MouseMan Cordless, cha mawimbi ya redio, na kikombe kikaruhusiwa kurudi mezani. Vile vilikuwa vipanya vya mpira, vile ambavyo tulikuwa tunatoa kigololo na kukwangua uchafu kwa kucha. Kula yao haikuwa kubwa.

Mambo yakaharibika pale mambo yalipokuwa mazuri. Mwaka 1999 Microsoft walileta IntelliMouse Explorer, kipanya cha mwanga. Ndani yake kuna kamera ndogo inayopiga picha za meza, picha 1,500 kila sekunde, kisha inalinganisha picha na picha kujua umesogea wapi. Uchafu kwaheri, kigololo kwaheri! Kilikuwa na waya, kwa hiyo ile taa nyekundu na kamera yake vilikula umeme wa kompyuta na hakuna aliyehesabu. Lakini miaka michache baadaye watengenezaji wakaunganisha mawili, kamera na kutokuwa na waya, na mzigo wote ukaangukia betri mbili ndogo. Fikiria mpiga picha anayefyatua usiku na mchana, halafu unamlipa kwa tochi.

Walihangaika. Mwaka 2002 Logitech walitoa MX700, kipanya chenye kitanda chake cha kuchajia: ukimaliza kazi unakilaza. Wengine wakakifundisha kusinzia mara mkono unapotulia. Taa nyekundu zikaanza kubadilishwa na mwanga usioonekana, unaokula kidogo. Hatimaye Logitech wakawa wanauza M705, wenyewe wanakiita cha Marathon, wakisema betri zake mbili zinafika miaka mitatu. Sikatai. Ila mtu aliyebadilisha betri miaka mitatu iliyopita hakumbuki kabisa kama kipanya kina betri, na siku kikifa anatafuta ubaya kwenye kompyuta.

Halafu kuna betri yenyewe, ambayo ni mzee kuliko wote hapa. Mtaliano Alessandro Volta aliandikia Royal Society ya London mwezi Machi 1800 akieleza mnara wake wa visahani vya metali mbili tofauti, katikati vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Mfaransa Georges Leclanché akatoa ya zinki na kaboni mwaka 1866, lakini ilikuwa na majimaji ndani, huwezi kuigeuza kichwa chini. Daktari mmoja wa Mainz, Ujerumani, Carl Gassner, ndiye aliyeyageuza yale majimaji kuwa uji mzito mwaka 1886, na betri ikaweza kuingia kwenye tochi na mfukoni. Umbo hili dogo la AA lilianza kuuzwa Marekani 1907. Kwa hiyo kipanya chako cha kisasa kinakula chakula cha enzi ya Mjerumani na Maji Maji.

Katika betri ya aina hiyo ya Leclanché na Gassner, kopo la zinki siyo chombo tu. Ndilo linaloliwa. Kadiri unavyotumia, ukuta unazidi kuwa mwembamba, mpaka unatoboka na ule uji unamwagika kwenye chemchemi za kipanya na kuziotesha kutu. Mkanada Lewis Urry, akifanya kazi maabara ya Eveready huko Ohio miaka ya 1950, aliupindua mpangilio wote: zinki akaifanya unga na kuiweka katikati, nje akaweka kopo la chuma lisiloliwa. Ili kumshawishi bosi wake alitia betri mbili kwenye magari mawili ya watoto, ya zamani kwenye moja na yake kwenye jingine, akayaachia kwenye sakafu ya kantini. Moja lilikwama mapema. Jingine likaenda na kurudi mpaka watu wakatoka maabara kuja kuangalia. Hiyo ndiyo alkalini, iliingia sokoni 1959.

Sasa chukua betri yako uisome ubavuni. Ikiandikwa R6, ni ile ya zinki inayojila. Ikiandikwa LR6, ni alkalini. Zangu za usiku ule nilizinunua kwa jamaa mmoja pale kituo cha daladala, nne kwa bei ya soda, na mbwembwe zote za dhahabu kwenye karatasi. Nimeziangalia vizuri juzi. R6.

Lakini kilichonikaa zaidi kichwani siyo hizo herufi. Ni ule mkono wangu ukisugua betri kwenye suruali. Nilishauona mahali.

Babu yangu mzaa mama, Njombe, alikuwa na redio ya National ya bendi tatu. Watu wa umri wake waliijua National vizuri, kwa sababu kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960, kikatoa redio na betri zake hapa hapa. Wenzetu wa Kenya nao walikuwa na kiwanda cha Eveready pale Nakuru, zile nyekundu zenye paka anayeruka katikati ya tarakimu 9, Paka Power. (Ndiyo, kipanya kinaishi kwa kula paka. Sikutunga mimi.) Kiwanda cha Nakuru kilitangazwa kufungwa 2014, wenyewe wakilalamikia betri za bei ya kutupa zinazoingia kutoka nje, dada zake hizi za kituo cha daladala.

Redio ya babu ilikula betri nne kubwa, na babu alikuwa na sheria. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, sawa. Matangazo ya vifo, sawa. Simba na Yanga, sawa, lakini unazima wakati wa mapumziko. Muziki hapana, muziki ni wa wenye maduka. Betri zikianza kuchoka alizitoa, akazisugua kwenye suruali, akazibadilisha nafasi. Zikizidi kuchoka zilipanda juu ya bati kuota jua. Na kweli zinaamka, kwa sababu joto huharakisha ile kemia ya ndani, na mapumziko nayo huirudishia pumzi kidogo. Siyo chaji mpya, ni masalia tu. (Za alkalini msizianike jamani, majimaji yake yanaunguza ngozi.) Zikifa kabisa zilikwenda shuleni. Unga mweusi wa ndani ndio uliopaka ubao wetu.

Mwaka 1999, wiki zile Mwalimu Nyerere yuko hospitali London, babu aliizidishia ukali. Redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari tu, dakika zile zile, kisha kimya, na betri zinatolewa kabisa. Betri mpya zilikuwa mjini na fedha ya mahindi ilikuwa haijaingia. Kila asubuhi mimi, niliyekuwa mwepesi kuliko wengine, nilipandishwa juu ya bati kuzipanga, na Njombe jua la asubuhi ni la kuombea.

Tarehe 14 Oktoba jirani alikuja mbio akasema fungueni redio, Rais anaongea. Nikapanda kuzichukua. Zilikuwa na joto la yai lililotoka kutagwa. Babu alizitia kwa mikono inayotetemeka, moja akaikosea upande, akaitoa, akaitia tena. Sauti ya Mkapa ikaingia katikati ya sentensi, ikazama, ikarudi. Watu kama ishirini wamesimama uani, hakuna anayekohoa. Ilikaa muda wa kutosha tu kusikia kuwa Mwalimu amefariki, halafu ikaenda. Babu hakuizima. Aliiacha wazi vile vile, iko kimya, akakaa chini.

Yule mzee alijua betri zake zimebakiza nini kama anavyojua debe la mahindi limebakiza nini. Sauti ikipungua, aliisikia inapungua. Kipanya changu hakipungui sauti. Mara nyingi kinakwenda vizuri mpaka dakika ya mwisho, na chenye taa ya kuonya huiweka pale pale unapoweka kiganja.

Na wenye fedha zaidi yetu hawajapona. Apple waliacha betri za AA kwenye kipanya chao mwaka 2015, wakaweka ya kuchaji ndani. Safi kabisa, ila tundu la kuchajia wakaliweka tumboni, kwa hiyo kikiwa kinachaji kinalala chali na hakitumiki. Mwaka 2024 walibadilisha aina ya tundu. Likabaki tumboni.

Juzi nimeshuka Kariakoo nikanunua cha waya. Kijana dukani alinitazama, akaniuliza, "Bro, hiki ni cha ofisi ya mtaa au?" Nikalipa, nikaja nacho nyumbani, nikachomeka, mshale ukatembea. Waya wake ni mfupi, na kompyuta yangu ina matundu upande wa kushoto tu. Sasa naandika nimekaa upande.