Moyo wa Fedha wa Wamohawk

Juzi mtu aliniambia bangili za waya tunazotengeneza hapa kambini si utamaduni wetu, eti tumejifunzia ukimbizini. Nikakumbuka Wamohawk.

Hawa ni wenyeji wa Amerika Kaskazini, moja ya mataifa sita ya Haudenosaunee. Vita vya uhuru wa Marekani (1775–1783) viliwatoa kwenye bonde lao huko New York. Wengi wakakimbilia Kanada, na mwaka 1784 wengine wakaanza upya kando ya mto Grand.

Pambo lao maarufu ni pini ya madini ya fedha, ya kubana nguo kifuani, yenye umbo la moyo. Umbo lenyewe lilitoka Uskoti, likaja na biashara ya Wazungu. Lakini karne ya 19 masonara wa Haudenosaunee walichukua sarafu za fedha, wakazigonga kwa nyundo mpaka zikawa bapa, wakakata mioyo yao wenyewe. Ikawa alama ya taifa lao. Mpaka leo inatengenezwa.

Basi mimi nimerudi kwenye waya wangu. Na wewe, muulize bibi michoro ya mikeka ya kwenu, uitie kwenye bangili.